Unazunguka au Unakatiza?

Kila asubuhi, kabla mnoaji visu hajatoa baiskeli uani, mkewe aliinua uso kutoka kwenye cherehani na kumwuliza swali lilelile: "Leo unazunguka au unakatiza?"

Hata wapangaji wenzao walikuwa wamelizoea, na jirani wa chumba cha mwisho, ambaye hakuwa na dogo, alimdakia mnoaji jibu kupitia dirisha. Kuzunguka ilikuwa kwenda mpaka darajani, kule kwenye kiwanda cha matofali, kupanda juu ya barabara kuu na kurudi kwa upande wa pili: saa nzima ya kusukuma baiskeli iliyobeba jiwe la kunolea, mkanda wake, stendi ya chuma na kopo la maji. Kukatiza ilikuwa kupita pale njia panda, dakika kumi ukiwa na bahati. Mke hakuwa na haja ya kujua zaidi. Kwa jibu hilo alijua apike saa ngapi.

Siku ya ajali mnoaji alisema anakatiza. Mke akabandika sufuria mapema, na ilikuwa haijachemka walipokuja kumwita.

Koplo wa usalama barabarani alikuwa na kalamu mbili mfukoni na zote mbili hazikuandika. Mke wa mnoaji alimtazama akizichora chora kwenye kiganja, akazirudisha mfukoni, akaegemea meza kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Ilikuwa wiki ya tatu tangu ajali, na mara ya nne kwake kuketi kwenye benchi lile.

Alichotaka kilikuwa karatasi moja tu, ya kuonyesha kwamba gari ndilo lililokosa, ili bima ya gari igharamie upasuaji wa pili wa goti. Daktari alikwisha sema bila kumung'unya maneno. Goti lilikuwa limeshikizwa kwa muda tu. Lisipofunguliwa na kupangwa upya kabla mfupa haujashika vibaya, halitakunjika tena maisha. Na mnoaji ni goti. Akifika kwa mteja husimamisha baiskeli kwenye stendi, akafunga mkanda, akapiga pedali, na jiwe likazunguka. Mnoaji asiyekunja goti ana jiwe tu, na mawe hata barabarani yapo.

"Karatasi haitoki mpaka Jumatatu," koplo alisema. "Jumatatu mkuu wa kitengo anaita pande zote mbili. Lakini nikwambie ukweli, mama, usijipe matumaini. Faili lenu si zuri."

"Si zuri vipi? Mtu kagongwa akiwa kwenye mistari ya kuvukia."

"Mistari ipi? Ile ilifutika zamani. Dereva anasema mumeo alikatiza barabara ghafla. Huyo tungemwacha, madereva wote husema hivyo. Shida ni kwamba kuna maelezo mengine humu, yanasema kukatiza ndiyo kawaida yake. Kila siku anakatiza."

"Maelezo ya nani?"

Koplo alifunua jalada la juu, akapitisha kidole. Hakujisumbua kufungua ndani. "Wameandika hapa, mtu wa karibu."

"Wa karibu gani?"

"Wa karibu, mama. Mimi sikuyachukua maelezo, na majina hatugawi kama peremende. Alisema kwa hiari yake, akatia sahihi. Hayo yanatosha."

Aliondoka pale miguu ikimwuma na kichwa kikimwaka moto. Mtu wa karibu. Alilitafuna neno hilo njia nzima. Huyu mama alikuwa mtu wa vipimo. Mteja akimwapia kwamba kiuno chake hakijaongezeka, yeye aliamini utepe. Sasa akaanza kupima: nani alikuwa karibu na pale mahali siku ile? Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa ng'ambo, nyuma ya malundo ya mchanga. Wauza matunda hukaa kwenye kituo cha basi. Karibu kabisa na mistari, hatua kumi hazifiki, alikuwepo mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa rafiki wa mumewe.

Fundi viatu aliketi kwenye kona ya barabara kuu, mahali ambapo yeye huyaona magari kabla wanaotaka kuvuka hawajayaona. Hakuna aliyemtuma, ila kwa miaka mingi alikuwa akiwaitia wenye baiskeli. Huku anapiga misumari, jicho moja likiwa barabarani, alipaza sauti: "Bado!" Watu wakasimama. "Bado!" Halafu: "Vuka!" Wakavuka wakisukuma baiskeli zao mbio mbio, bila hata kutazama, kwa jinsi walivyomwamini.

Mke wa mnoaji alifika akamkuta chini ya mwavuli mpya. Mwavuli mkubwa, wa bluu, hauna kiraka hata kimoja. Kabla ya ajali mtu huyu alikuwa akijifunika kwa gunia. Vilevile, wiki tatu zote alikuja kumwona mgonjwa mara moja tu, kule hospitali, akasimama mlangoni akiangalia sakafu, akaondoka. Mambo hayo mawili aliyashona pamoja papo hapo, na yakashikana vizuri mno.

"Karibu, shemeji," fundi alisema. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Usiniite shemeji. Mwavuli huo amekununulia nani?"

Fundi aliutazama mwavuli, akamtazama yeye. Alikuwepo msichana mmoja aliyesubiri kisigino cha kiatu chake, mguu mmoja mtupu juu ya gazeti, na nyuma yake wenye baiskeli watatu wanaotoka kazini.

"Mwavuli?"

"Umemuuza mwenzako kwa mwavuli! Wewe ndiye uliyemwambia avuke, kwa mdomo wako huo. Ukaona utaulizwa, ukakimbia kujisafisha. Alikatiza! Kila siku anakatiza! Na sahihi ukatia. Yeye analala na chuma mguuni, wewe umekaa kivulini."

"Taratibu, shemeji. Kaa tuongee."

"Nikae niongee na mnafiki?"

Fundi aliweka nyundo chini. Mikono yake, ambayo haikujua kukaa bure, ilikaa bure mapajani.

"Nilisema 'vuka'," alisema polepole. "Hilo sikatai, nalala nalo na kuamka nalo. Basi lilisimama. Dereva wa basi akampungia mkono apite. Mimi nikasema 'vuka'. Ile gari ya mizigo ikachomoka nyuma ya basi, ikapita pembeni, kwenye vumbi, mbio kama inakimbizwa. Hayo ndiyo niliyotaka kuja kuyasema Jumatatu."

"Kayaseme kwa waliokununulia mwavuli."

Msichana wa kisigino aliguna. Fundi alichukua kiatu chake, akapachika msumari, akaupiga mara moja ukazama.

"Jumatatu nina viatu vya watu," alisema. "Nenda nyumbani, mama."

Alikuwa amemwita shemeji kwa miaka minane. Hilo "mama" lilimpita sikioni wakati ule. Alikuwa na hasira nyingi mno, akarudi nyumbani kwa kuzunguka darajani, kama kawaida yake.

Alimsimulia mumewe akivua viatu, akitarajia kupongezwa. Mnoaji, ambaye hospitali ilikuwa imemruhusu wiki ya pili, alikuwa amelala chali, mguu juu ya mito miwili, na kadiri alivyosikia ndivyo alivyozidi kujiinua kwa viwiko.

"Umemwambia hivyo mbele za watu?"

"Mbele za watu. Yeye kakusema mbele ya polisi."

"Mwavuli ule nilimpa mimi."

Mke alibaki na kiatu mkononi.

"Mwenye duka la vitambaa alinilipa mwavuli badala ya hela, wiki ile kabla ya ajali. Nilimnolea mikasi kumi na miwili. Mimi na baiskeli na mwavuli wapi na wapi? Nikampa fundi."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila kitu nikwambie?"

Mnoaji angeishia kwenye habari ya mwavuli, aibu ingemshika mke na mambo yangeishia hapo. Lakini jibu lile lilimwingia vibaya. Kumbe kuna mambo haambiwi. Akamtazama mumewe kwa jicho la utepe, na mnoaji akageukia ukutani.

"Achana na habari za faili," alisema huko ukutani. "Jumatatu nitakubali kwamba nilikatiza. Yaishe."

"Yaishe? Na goti?"

"Goti langu."

"Ulikatiza?"

"Nilivuka. Nilishuka kwenye baiskeli, nikasukuma, nikavuka kwenye mistari."

"Sasa unakubali nini?"

Mnoaji alivuta shuka mpaka mabegani. Mke akakumbuka yule mtu wa viatu vinavyong'aa. Alikuja wiki iliyopita na mfuko wa machungwa, akajitambulisha kama ndugu wa mwenye gari, akafuta kiti kwa leso kabla ya kukalia. Akaomba maji ya kunywa. Na yeye, mjinga wa mwisho, akaenda kuyachota. Aliporudi, maongezi yalikatika kama uzi, na mumewe alikuwa amelalia mkono mmoja chini ya godoro. Tangu siku ile, kila alipotaka kubadilisha shuka, mnoaji alisema bado safi, au goti linauma, au kesho. Mtu aliyezoea kulalamikia shuka lenye punje ya mchanga!

Wamemnunua, mke aliwaza. Fundi sijui, lakini huyu wamemnunua. Usiku kucha alilala ukingoni mwa kitanda chao wenyewe, kama mgeni.

Asubuhi alimshika kwapa akamtoa mpaka bafu la uani, akamketisha kwenye kigoda, akamwekea ndoo na sabuni. "Nita ukimaliza," alisema kwa sauti ya upole ambayo ingemtisha mtu yeyote aliyemfahamu. Kisha akarudi chumbani mbio na kuinua godoro.

Karatasi ilikuwepo, imekunjwa mara nne, ina muhuri. Aliiambia nafsi yake kwamba sasa anaujua ubaya wake wote, akaikunjua.

*Maelezo ya mke wa majeruhi.*

*Swali: Mumeo akienda kazini hupita wapi?*

*Jibu: Huwa anakatiza barabara pale njia panda.*

*Swali: Kila siku?*

*Jibu: Karibu kila siku. Hata leo aliniambia anakatiza. Siku mojamoja ndiyo anazunguka.*

Chini palikuwa na sahihi. Aliitambua kabla hajataka kuitambua. Ilikuwa yake, yenye mkia mrefu, ileile anayoweka kwenye risiti za wateja.

Akakaa chini, mgongo kwenye kitanda. Yote yakamrudia. Ukumbi wa hospitali, kiatu cha mumewe mapajani mwake, kimoja tu, kimepasuka pembeni, na yeye amekikumbatia kwa sababu hakujua akiweke wapi. Askari kijana mwenye sauti nzuri, aliyemwuliza kama mtu anayepiga soga, naye akajibu karibu kwa furaha, kwa kuwa katika watu wote wale waliokimbia huku na huku huyu peke yake alikuwa amesimama kumsikiliza. Akasema neno la nyumbani kwake, kama lilivyo, na kijana akaliandika kama lilivyo. Alipopewa kalamu akatia sahihi bila kusoma. Mtu wa karibu! Wa karibu kuliko yeye ni nani?

Mnoaji hakuita. Alijikokota mwenyewe kwa gongo, maji yakimdondoka, akasimama mlangoni na taulo kiunoni.

"Umeisoma."

"Unayo tangu lini?"

"Yule askari aliniletea nakala wodini. Alitaka nithibitishe."

"Na umeilalia wiki tatu!"

"Ningekupa ungepata usingizi?" Aliketi kitandani kwa taabu, mguu umenyooka mbele yake kama mpini. "Nilimwambia hilo neno kwetu si hivyo. Akasema basi mkeo aje abadilishe maelezo, ila ataulizwa alidanganya lini, siku ile au leo. Na kudanganya polisi ni kosa. Nikaona bora goti."

"Bora goti kuliko nini?"

"Kuliko wewe usimamishwe pale mbele ya watu uulizwe maswali kama mwizi."

Mke alilia. Alilia kwa hasira kwanza, kwa kuwa hakuna kinachouma kama kumshuku mtu usiku kucha halafu ukamkuta amekubeba mgongoni. Mnoaji alimwacha alie. Alipotulia akauliza, huku akifuta pua kwa kitambaa cha mteja:

"Na yule wa viatu vinavyong'aa?"

"Alitaka nitie sahihi kwamba sidai kitu. Sikutia. Machungwa nilikula, hilo sikatai."

"Jumatatu nitakwenda mwenyewe. Nitawaambia kukatiza kwetu maana yake nini. Wakitaka kuniweka ndani waniweke."

"Watakusikiliza, halafu watakuuliza: sawa mama, na nani alimwona akivuka?"

Walitazamana. Jibu walilijua wote wawili. Mke alijipangusa uso, akaingiza mkono uvunguni, akatoa kile kiatu kilichopasuka pembeni.

Njia panda aliwakuta wenye baiskeli wanane wamesimama ukingoni, wengine na mizigo, wengine na nguo za kazi. Magari yalikuwa yakipita kwa kasi iliyopeperusha mashati yao. Kwenye kona ng'ambo ile palikuwa na mwavuli wa bluu, na chini yake mtu aliyeinama kazini. Nyundo yake iliinuka na kushuka. Kimya.

"Mbona hamvuki?" alimwuliza muuza maziwa aliyekuwa mbele yake, mwenye madumu manne nyuma ya baiskeli.

"Fundi hasemi," muuza maziwa alijibu. "Tangu jana jioni. Kuna mwanamke alikuja akamwambia yeye ndiye anaua watu kwa mdomo wake. Sasa anaogopa hata kukohoa."

"Sikusema..." Akajizuia.

"Asubuhi kijana mmoja wa vigae kaponea chupuchupu. Gurudumu la nyuma limekwenda."

Mke wa mnoaji hakuwahi kusimama pale. Miaka yote aliuliza tu, unazunguka au unakatiza, akarudi kwenye cherehani yake. Barabara ilikuwa pana kuliko alivyoidhani, na kona ilificha kila kitu: gari lilikuwa halipo, kisha lilikuwa limeshakufika usoni. Muuza maziwa alitazama, akasukuma gurudumu la mbele barabarani, akalirudisha haraka. Roli la mchanga likapita likiwapigia honi kana kwamba wao ndio waliokosea. Akasukuma tena. Mke wa mnoaji, bila kujua anafanya nini, alimshika shati.

"Bado!"

Sauti ilitoka chini ya mwavuli. Fundi alikuwa amesimama, nyundo mkononi. Hakuna aliyejua kama alikuwa amemwona yeye au ameona madumu ya maziwa tu. Magari matatu yalitokea kwenye kona, moja nyuma ya jingine, yakapita.

"Bado!"

Basi likapita. Mke wa mnoaji alisubiri, kiatu kikiwa kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu ajali hakupima wala kukisia. Alisikiliza tu.

"Vuka!"

Wakavuka wote kwa mkupuo, madumu yakigongana, yeye katikati yao. Upande wa pili watu walipanda baiskeli zao wakatawanyika, lakini muuza maziwa na wengine wawili walibaki kukaza mizigo. Fundi alikuwa ameshaketi. Aliona kiatu, akakijua ni cha nani, akanyoosha mkono bila kumtazama.

"Acha hapo. Njoo kesho."

"Sikuleta kiatu tu." Aliongea chini chini, macho kwenye misumari. "Yule mtu wa karibu ni mimi. Mimi ndiye niliyesema anakatiza. Nilikuwa sijui nasema nini."

"Sikusikii. Magari."

"Nasema yalikuwa maneno yangu."

"Sema kwa sauti," fundi alisema, akipaka gundi ufa wa kiatu. "Jana hukunong'ona."

Muuza maziwa aliacha kamba aliyokuwa akiikaza. Mke wa mnoaji alihisi uso unamwiva. Alitamani ardhi impe nafasi. Badala yake akasimama wima mahali palepale alipokuwa amesimama jana, akasubiri roli moja lipite, akapaza sauti kwa nguvu zake zote ili barabara isije ikasingiziwa tena:

"Mwavuli huu alipewa na mume wangu! Huyu hakumsema mtu! Mimi ndiye niliyemsema mume wangu kwa polisi, kwa mdomo wangu, na sahihi nikatia! Huyu nilimwonea!"

Muuza maziwa alimtazama, akamtambua sasa kuwa ndiye yule mwanamke, akatikisa kichwa. Fundi aliendelea na kiatu. Alibana kingo mbili za ngozi kwa vidole, akazishikilia zishikane, na muda huo wote jicho lake moja lilikuwa barabarani.

"Bado!" alimpigia kelele mtu wa ng'ambo.

Mke wa mnoaji alibaki amesimama. Hakuambiwa aende, wala hakuambiwa akae. Fundi alitoa uzi, akautia nta, akauvuta kwenye sindano.

"Vuka!" alisema. Akamsubiri mtu yule afike salama, baiskeli yake na yote, ndipo akashusha macho na kuanza kushona.

"Jumatatu saa ngapi, shemeji?"